Sir C. V. Raman: Ofisa wa Hesabu Aliyebisha Hodi Katika Nyumba ya Elimu

Katika kijitabu cha kumbukumbu kama hiki ni desturi kuwataja waliotutangulia: waliotoa kiwanja, waliobeba mawe, waliochanga fedha kidogo kidogo hadi kuta zikasimama na kengele ikapata mahali pa kutundikwa. Heshima yao imo katika kurasa nyingine, wala hatutaki kuipunguza. Ukurasa huu tumeutenga kwa mtu mwingine, ambaye hakuwa mfanyabiashara, wala kuhani, wala mkazi wa kando ya ziwa letu. Huyu ni Chandrasekhara Venkata Raman, mwanafizikia wa India, mwana wa kwanza wa bara la Asia kupewa Tuzo ya Nobel katika sayansi. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo kila jumuiya iliyojenga nyumba kwa michango hujiuliza baada ya miaka mingi: nyumba hii tuliijenga ili nani aingie?

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India, katika familia ya Kitamil ya tabaka la Brahmin. Nchi yake iko mbali na Gujarat na Kathiawar, walikotoka wengi wa wazee wetu waliokuja Afrika Mashariki, na lugha ya mama yake wasingeielewa. Nyumba yao haikuwa na utajiri, ila ilijaa vitabu na muziki. Baba yake alifundisha hisabati na fizikia chuoni, na kazi hiyo iliihamisha familia hadi mji wa bandari wa Visakhapatnam. Mtoto huyo aliyekuwa na mwili dhaifu alimaliza masomo ya sekondari akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1904 alipata shahada ya kwanza katika Presidency College mjini Madras, akawa wa kwanza katika mtihani na kutunukiwa medali ya dhahabu katika fizikia. Miaka miwili baadaye, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 18, makala yake ya kwanza kuhusu mwanga ilichapishwa katika jarida la wanasayansi huko London. Mwaka 1907 alimaliza shahada ya uzamili.

Kwa kijana Mhindi wa wakati ule, kipaji cha namna hiyo kilikuwa kama mbegu bora isiyo na shamba. Nafasi za kufanya utafiti zilikuwa chache mno, na njia ya kawaida ilikuwa kwenda Uingereza. Walimu wake walimpendekeza aende, lakini daktari aliona kwamba afya yake isingestahimili baridi ya huko. Basi Raman alifanya walivyofanya vijana wengi wenye akili wa kizazi chake: alifanya mtihani wa kuingia Idara ya Fedha ya serikali ya kikoloni, akashinda, na katikati ya mwaka 1907 akapelekwa Calcutta kuwa msaidizi wa mhasibu mkuu. Hakuwa na umri wa miaka 19. Mwaka huohuo alimwoa Lokasundari, binti aliyejua kupiga vina, chombo kile tunachokiona mikononi mwa mungu wa kike Saraswati. Mshahara ulikuwa mzuri, cheo kilikuwa cha heshima, na pensheni ilikuwa ya uhakika. Mzazi yeyote angeshukuru na kusema mtoto amekwisha kufika.

Hapa ndipo nyumba ya michango inapoingia katika maisha yake. Miaka 31 kabla Raman hajafika Calcutta, yaani mwaka 1876, tabibu mmoja aitwaye Mahendra Lal Sircar alikuwa ameanzisha katika mji huo Chama cha Kukuza Sayansi cha India. Sircar aliamini kwamba Wahindi hawatasimama sawa na mataifa mengine mpaka wafanye sayansi kwa mikono yao wenyewe, katika nyumba iliyo mali yao. Aliomba michango kwa matajiri na kwa watu wa kawaida, jengo likapatikana katika mtaa wa Bow Bazar, vyombo vikanunuliwa. Mihadhara ilitolewa, na wasikilizaji walikuja. Lakini watafiti, ambao kwa ajili yao hasa nyumba ilijengwa, hawakuja. Sircar alifariki mwaka 1904 akiwa na huzuni, akidhani juhudi za maisha yake zimekwenda bure. Vyombo vilikaa kabatini, na vumbi likatua juu yake.

Raman aliliona bango la chama hicho akiwa njiani kati ya nyumbani na ofisini. Alibisha hodi. Aliyemfungulia mlango alikuwa Ashutosh Dey, mfanyakazi wa nyumba ile ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, na ambaye tangu siku hiyo alikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Katibu wa chama alikuwa Amrita Lal Sircar, mwana wa mwanzilishi. Alipokwisha kumsikiliza kijana huyu akieleza anachotaka kufanya, alimpokea kwa furaha ya mtu aliyemngojea mgeni kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa amejenga nyumba kwa ajili ya mtu asiyemjua, na sasa mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni.

Kwa miaka 10 iliyofuata, ukiondoa vipindi alivyohamishiwa Rangoon na Nagpur, Raman aliishi maisha mawili. Alfajiri alikuwa maabara, mchana alikuwa ofisini na daftari za fedha za serikali, jioni alirudi maabara moja kwa moja na kukaa hadi usiku. Wakubwa wake hawakupata kasoro katika hesabu zake. Wakati huohuo majarida ya sayansi ya Ulaya yalikuwa yakipokea makala kutoka anwani ya Bow Bazar, na wasomaji wake walidhani ni taasisi yenye watu wengi.

Utafiti wake wa kipindi hicho unatugusa kwa namna ya pekee, maana ulihusu sauti na vyombo vya muziki. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamethibitisha kwamba ngozi iliyowambwa juu ya ngoma haiwezi kutoa noti safi ya muziki: milio inayoandamana na mlio mkuu haipatani nao, na matokeo yake ni kishindo tu. Raman alijua kwa masikio yake kwamba tabla na mridangam haviko hivyo. Alichunguza kile kiraka cheusi kilicho juu ya ngozi, ambacho mafundi wetu hukipaka tabaka baada ya tabaka, akaonyesha kwamba uzito wake ndio unaoipanga ile milio mingine ipatane na mlio mkuu. Alitangaza jambo hilo mwaka 1920 pamoja na mwenzake Sivakali Kumar. Fundi wa kale asiyejulikana jina alikuwa amelitatua fumbo hilo kwa sikio na subira, na Raman alilieleza kwa hesabu. Kila jioni ya bhajan, tabla inapolia katika ukumbi wetu, elimu hiyo inasikika, hata kama hakuna anayeitaja.

Mwaka 1917 ulimletea mtihani mkubwa. Wakili Taraknath Palit alikuwa ametoa mali yake kwa Chuo Kikuu cha Calcutta ili kianzishwe kiti cha profesa wa fizikia, na Jaji Ashutosh Mukherjee alimwita Raman akikalie. Kuitika wito huo kulimaanisha kuiacha kazi ya serikali, iliyokuwa ikimpandisha cheo haraka, na kukubali mshahara uliopungua karibu nusu. Masharti ya kiti yalimtaka pia aliyechaguliwa aende kwanza ng'ambo kupata mafunzo. Raman alikubali mshahara mdogo, lakini alikataa kwenda kufundishwa ng'ambo kazi ambayo tayari alikuwa akiifanya nyumbani. Sharti likaondolewa. Tunawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu wautafakari uamuzi huo. Alikuwa na mke, alikuwa na cheo, na hakuwa na hakika yoyote kwamba jina lake lingejulikana.

Safari yake ya kwanza ya Ulaya ilikuwa mwaka 1921, alipokwenda Oxford kukiwakilisha chuo chake katika mkutano wa vyuo vikuu. Katika meli, akivuka Bahari ya Mediterania, alivutiwa na buluu kali ya maji. Maelezo yaliyokubaliwa wakati huo, kutoka kwa Lord Rayleigh, mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, yalisema kwamba bahari ni buluu kwa kuwa inaakisi rangi ya mbingu. Raman alikuwa na prizma ndogo mfukoni, ya aina inayoweza kuuzima mwanga unaoakisiwa juu ya uso wa maji. Aliitazama bahari kupitia prizma hiyo. Akisi la mbingu likatoweka, na buluu ikabaki pale pale. Basi rangi haikuazimwa mbinguni peke yake. Ilitoka ndani ya maji yenyewe, ambayo molekuli zake hutawanya mwanga wa jua. Wataalamu waliofuata wameongeza kwamba maji pia humeza sehemu ya wekundu wa mwanga huo. Meli ilipotia nanga Bombay mwezi Septemba, barua yake kwa jarida la Nature ilikuwa tayari.

Sisi wa Kemondo tumelelewa mbele ya maji. Tumeyaona yakiwa buluu wakati wa jua kali, ya kijani mahali penye mimea, ya kijivu mvua inapokaribia. Tumeyatazama tukingoja meli ya Mwanza, kahawa na mikungu ya ndizi ikipakiwa bandarini, na wazee wetu kabla yetu waliyatazama maji ya Bahari ya Hindi kwa siku nyingi kati ya Bombay na Mombasa. Raman aliona walichokiona wasafiri wote wa meli ile. Tofauti yake ilikuwa kwamba alikataa kuridhika na jibu la mtu mashuhuri kabla ya kulipima kwa kipande cha kioo.

Kutoka hapo alirudi Bow Bazar na kuanza kazi ya miaka saba juu ya mwanga unaotawanywa na vimiminika. Mwanafunzi wake K. R. Ramanathan aliona mwaka 1923 kwamba mwanga ukipita katika kimiminika kilichosafishwa sana, hutoka pamoja na mng'ao hafifu wa rangi nyingine. Ilidhaniwa ni uchafu uliobaki. Wakasafisha tena na tena, na mng'ao haukuondoka. Mwishoni mwa mwaka 1927 jambo hilohilo lilionekana katika glisirini. Mapema mwaka 1928 Raman alimwita K. S. Krishnan, mwanafunzi wake hodari, wakavipima vimiminika vingi, wakitumia kwanza mwanga wa jua, vichujio vya rangi na macho yao wenyewe. Tarehe 28 Februari 1928, kwa kutumia taa ya zebaki na spektroskopu, ushahidi ulikamilika.

Walichokipata kinaweza kuelezwa hivi. Molekuli za kila kitu hazitulii: zinatikisika, kila aina kwa mapigo yake. Mwanga wa rangi moja unapozigonga, karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ileile. Sehemu ndogo mno hubadilishana nishati na molekuli, ikatoka na rangi iliyobadilika kidogo. Mabadiliko hayo ni alama ya kitu husika, kama dole gumba linavyomtambulisha mwenye kidole. Wanasayansi wawili wa Urusi, Landsberg na Mandelstam, waliliona jambo hilohilo katika fuwele wakati uleule, lakini taarifa ya Calcutta ilitangulia kuchapishwa. Dunia ililiita Athari ya Raman. Siku hizi, kwa kutumia leza mahali pa taa ya zebaki, njia hiyo hutambua vito bila kuvikwaruza, hupambanua dawa halisi na dawa bandia bila kuifungua pakiti inayopitisha mwanga, na huchunguza michoro ya kale bila kuiharibu.

Vyombo vilivyotumika vilikuwa vya gharama ndogo sana vikilinganishwa na vya maabara za Ulaya. Jambo hilo limesimuliwa mara nyingi, na wakati mwingine linasimuliwa vibaya, kana kwamba umaskini wenyewe huzaa maarifa. Sivyo. Kilichozaa maarifa ni miaka 20 ya kazi ya kila siku, nyumba ambayo mlango wake ulifunguliwa, na wanafunzi waliokuja kutoka kila pembe ya India kwa sababu walisikia kwamba humo mtu anaweza kufanya kazi.

Mwaka 1929 Raman alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alikuwa na hakika nayo kiasi kwamba alikata tiketi za meli, yake na ya mkewe, miezi kadhaa kabla ya jina kutangazwa. Hata hivyo alisimulia baadaye kwamba siku ya sherehe mjini Stockholm, alipogeuka na kuona kuwa ameketi chini ya bendera ya Uingereza kwa kuwa nchi yake haikuwa na bendera, machozi yalimtoka.

Hatutamchora kama mtakatifu, maana yeye mwenyewe asingekubali. Alikuwa na majivuno na hasira ya haraka, na ulimi uliowaumiza wengi. Aliondoka Calcutta mwaka 1933 katikati ya ugomvi na wenzake, akawa Mhindi wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Sayansi ya India huko Bangalore. Huko nako aligombana na baraza, akaacha ukurugenzi mwaka 1937 na kubaki profesa. Tuzo ya Nobel aliipokea peke yake, na wengi wanaona kwamba Krishnan alistahili kutajwa zaidi ya alivyotajwa.

Kosa lake jingine linawahusu binti zetu. Mwaka 1933 Kamala Bhagwat, aliyejulikana baadaye kama Kamala Sohonie, aliomba nafasi Bangalore akiwa na matokeo bora. Raman alimkataa kwa sababu ni mwanamke. Binti huyo hakuondoka. Alidai aelezwe sababu, akasimama juu ya haki yake mpaka akapokelewa kwa masharti, mwaka mzima akiwa katika majaribio. Kazi yake ilimfanya Raman abadili msimamo na kuwafungulia wanawake mlango. Kamala alikwenda hadi Cambridge na kupata shahada ya uzamivu. Anna Mani, aliyechunguza almasi na yakuti katika maabara ya Raman, alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa vipimo vya hali ya hewa nchini India. Aliyefunguliwa mlango mwaka 1907 alikuwa amejaribu kuufunga mbele ya mwingine. Ni vema kulikumbuka hilo kila tunapoitukuza historia yake, na kila tunapopanga ni mtoto gani atalipiwa karo.

Mwaka 1934 alianzisha Chuo cha Wanasayansi wa India, na Mtawala wa Mysore alitoa ardhi huko Bangalore. Juu ya ardhi hiyo, baada ya kuzunguka akiomba michango kama Sircar alivyofanya, Raman alijenga taasisi yake ya utafiti, iliyofunguliwa mwaka 1948. Alipanda miti na mawaridi, akakusanya vito, fuwele na vipepeo, akaendelea kuuliza juu ya rangi hadi uzeeni. Mwaka 1954 India ilimpa Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa. Watoto wa shule walikaribishwa, naye aliwaeleza kwa nini mbingu ni buluu kwa bidii ileile aliyotumia mbele ya maprofesa. Alivaa kilemba chake cha kusini maisha yake yote, lakini katika mambo ya imani alikuwa mtu wa mashaka, naye aliagiza achomwe katika bustani ya taasisi bila ibada. Alifariki tarehe 21 Novemba 1970, na ilifanyika kama alivyotaka. Mpwa wake, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1983. Tarehe 28 Februari ndiyo Siku ya Taifa ya Sayansi nchini India.

Kwa hiyo, wapendwa wasomaji, tunamkumbuka mtu huyu asiyekuwa mcha ibada katika kijitabu cha hekalu, na hatuoni ukinzani. Wazee wetu walijenga kwa michango ili ibada ifanyike, na vilevile ili watoto wawe na mahali pa kukusanyika, kusoma na kuulizana. Jumuiya yetu imepungua, vijana wamehamia Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo, na kuna jioni ambazo ukumbi huwa na viti vingi kuliko watu. Sircar aliijua hali hiyo, na alikufa kabla ya kumwona aliyemngojea. Miaka mitatu tu ilikuwa imebaki.

Hatuwezi kumchagua atakayebisha hodi. Huenda ni mtoto wa duka la jirani, huenda ni binti wa Kihaya kutoka shule ya kata mwenye daftari moja na maswali mengi, huenda ni mjukuu wetu asiyetaka kurithi biashara. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba chumba cha vitabu kina taa, kwamba kuna mtu mwenye ufunguo, na kwamba mlango ukigongwa, awe nani aliyeugonga, tutaufungua.